Neno Linalokaba Koo

Wilf Alderson aliingia uani kwa Nell Raistrick bila hodi, bunduki begani, mbwa wake Gyp akimfuata nyuma.

“Kondoo wangu wawili wamechanwa koo. Mtoe Fly.”

Nell alikuwa mjane, na kondoo alikuwa akiwachunga kwenye vilima vile vya Yorkshire tangu utotoni. Alijua kwamba huko mbwa akishaonja kondoo haponi, hupigwa risasi. Na Fly, mbwa wake, alikuwa amejikunyata chini ya meza, mdomo una damu.

“Huyo kala sungura,” Nell alisema.

“Kila mwenye mbwa husema hivyo.”

“Basi tumpe magadi. Akitapika sufu, mpige risasi hapahapa. Sitakuzuia.”

Alimshindilia Fly kipande cha magadi ya kufulia, akamfunga kamba mlangoni. Wakasubiri. Wilf alimwona Nell akijishika shingo.

“Una worry?” aliuliza, akilitumia neno lao la wasiwasi.

Nell alicheka kwa uchungu. “Wewe, Wilf! Mbwa akirarua kondoo, mnasema ana-worry. Nami nikikosa usingizi, neno ni lilo hilo. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba zamani za kale maana yake ilikuwa kunyonga tu, mkono kooni. Likahamia kwenye meno ya mbwa, kisha likatuingia sisi vifuani. Mimi naona halikuhama. Bado liko hapa.” Akaigusa tena shingo yake.

Fly alijikunja, akatapika. Nell alipiga magoti akachokoa kwa kijiti: manyoya ya kijivu, vifupa vya sungura. Hapakuwa na sufu hata uzi mmoja.

Machozi yalimtoka, lakini hakuinuka. Alikuwa anamtazama Gyp.

“Sasa wako.”

“Gyp? Huyu analala miguuni pangu!”

“Magadi yamebaki, Wilf.”

Gyp alitapika upesi. Kilichotoka kilikuwa donge jeupe la sufu, limeviringika kama uzi wa kufumia. Wilf aliishusha bunduki begani, akataka kumpa Nell.

“Nisaidie wewe, Nell. Mimi siwezi.”

“Hapana. Anakuamini wewe. Ila nitakushikia kamba.”

Wakaenda pamoja nyuma ya ukuta wa mawe. Mlio wa risasi ulipokwisha, Wilf alichukua koleo, Nell akachukua la pili, wakachimba kaburi la Gyp.