Taa Aliyoigeuza Daktari Kavutha

"Huyu nikishindwa kumlaza, nitaila digrii yangu na sukuma wiki."

Hayo Daktari Kavutha aliyasema kwa maikrofoni, kwenye mkutano wa wenye nyumba wa mtaa wao pale Kitengela, kidole chake kikimwelekea Ardo, jirani yake wa nyuma, aliyekuwa amesinzia kwa kiti cha plastiki tangu maombi ya kufungua. Watu walicheka. Ardo akashtuka, akapiga makofi bila kujua anapigia nini.

Daktari hakuwa anapiga domo tu. Kazi yake ni usingizi. Ana maabara Kajiado mjini, chumba chenye giza kama ndani ya sufuria iliyofunikwa, ambapo watu wazima huketi jioni wakitema mate kwa vichupa. Ndani ya mate hayo anatafuta melatonin, ile homoni inayouambia mwili kwamba jua limezama, fungeni duka. Mwanga mkali ukiingia machoni usiku, homoni inaghairi, na saa ya mwilini inapotea njia. Kwa Wamaasai mzee akikutemea mate amekubariki, kwa hivyo vijana wa Kajiado wakasema Daktari anagandisha baraka kwa friji.

Shida ya Ardo lakini haikuwa ya kuchekwa. Anauza chai ya maziwa ya ngamia sokoni, na wiki hiyo alikuwa amesinzia mbele ya jiko hadi mkono ukaungua. Mwanawe, Khalif, alisema neno moja: ukisinzia tena, kibanda nakifunga. Kibanda hicho Ardo alikijenga mwenyewe baada ya kufiwa na mumewe. Hakuwa na kingine cha kumtoa nyumbani.

Akaenda Kajiado, akatema mate. Majibu yakatoka safi, homoni imepanda kama ya msichana wa shule. Kavutha akakuna kichwa. Akamkataza simu kitandani, akamkataza chai ya jioni. Macho ya Ardo yakabaki mekundu.

"Mama Khalif, unakunywa chai kisirisiri."

"Daktari, mimi nauza chai. Nikiimaliza mimi, wateja nitawapa nini?"

Miaka yote ya ujirani Kavutha alikuwa ameketi sebuleni kwa Ardo, akala sambusa, akaenda zake. Mgeni mwenye adabu havuki pazia la ndani. Lakini jioni moja alipopita kumbadilishia bandeji, Khalif alimwambia, "Ingia tu, mama amejilaza kwa maumivu."

Akavuka pazia. Alikuwa bado anafunga fundo la bandeji pale taa ya mulika mwizi, ile kubwa ya mlingoti wa mtaa, ilipowaka nje. Chumba kikawa cheupe pe. Shuka iliyoning'inizwa dirishani haikuzuia chochote; Kavutha aliweza kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa.

Taa hiyo aliijua. Yeye ndiye aliyezunguka akichangisha watu baada ya wezi kuzidi. Na siku fundi Munguti alipoipachika ikaangalia nyumba ya Kavutha, ni yeye aliyesimama chini ya ngazi akaamuru, "Geuza upande ule. Mimi najua vile taa inaharibu usingizi."

Alikaa kitandani kwa Ardo bila kukaribishwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulituletea taa, wezi wakahama," Ardo akasema. "Sasa nikuje nikwambie nini? Ati taa yako inawaka sana?"

Kavutha alikuwa amemhoji huyu mama kuhusu simu, chai, hata mto. Kwenye giza la maabara homoni ilipanda vizuri; dirisha la nyumbani hakuuliza. La kwake alikuwa ameshalilinda.

Kesho yake akamwita Munguti.

"Irudishe vile ilikuwa."

"Itakupiga wewe kwa dirisha, Daktari."

"Najua."

"Na ile digrii? Ni ya sukuma bado, ama tubadilishe iwe kabeji?"

"Panda ngazi, Munguti."

Siku chache baadaye wateja walikuta kibanda cha Ardo kimefungwa. Khalif akatokea mbio na funguo. "Mama amelala," alisema, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. "Nimeita mara mbili, hata hajageuka." Akawasha jiko mwenyewe, akaunguza maziwa, hakuna aliyelalamika.

Kavutha alikuwa kwa foleni, macho mekundu. Akamaliza chai yake, akavuka hadi kwa wauza mapazia. Pazia zito jeusi la dirisha moja, la kwake, lilimgharimu shilingi elfu moja mia mbili.