Shefu Aliiba Njia Zangu, Nami Nimefunga Kaye

Admin, jina yangu uifute kabisa, Bunia hapa tunajuana sana.

Niko mwanamuke wa miaka makumi mbili na nane, nilisoma hesabu. Nafanya kazi mu kampuni moja yenye kupeleka mikate mu maduka na pikipiki za umeme. Ni mie nilipanga njia zote. Unaweka mu mashini maduka, uzito wa mikate na nguvu ya betri, mashini inajaribu njia maelfu, inachagua yenye itarudisha kila pikipiki mbele betri haijaisha. Miezi munane! Nilipanda nyuma ya madereva, jua na mvua, nikiandika mulima gani unakula betri namna gani.

Wiki yenye ilipita, wageni wenye kutoa pesa walikuja. Shefu akasimama: "Hii calcul, hesabu yote ya njia, nilifanya mie mwenyewe, peke yangu." Mugeni mumoja akauliza mie nafanya nini. Shefu akacheka: "Huyu dada? Anatuletea chai." Na kweli nilikuwa nimeshika termosi. Ee Mungu wangu! Nilimimina ile chai, roho inaniwaka.

Sasa musikie. Yenye aliiba ni hesabu ya kiangazi tu. Ya mvua iko mu kaye yangu, daftari yenye naandikamo, nyumbani. Njia ya kwenda kijiji cha Marabo ikiwa na matope, betri itaisha mbele ya kurudi, pahali hakuna hata nyumba, na siye wote tunajua ile njia haina usalama. Shefu ametangaza Marabo wataanza lundi, ni kusema kesho. Na mvua ndiyo hii inanyesha.

Nilifurahi, sitawadanganya. Mu mawazo niliona pikipiki zimelala mu matope, wageni wanamupigia simu, yeye anakosa pa kuficha uso. Apate haya, na amwage machozi!

Jana Papa Désiré, dereva wetu, baba wa watoto ine, alifika kwangu. "Dada, shefu anasema Marabo iko sawa. Mie namini weye, si yeye. Tuende?"

Nikamujibu, "Muende tu, Papa."

Akanishukuru, akaniachia mukate wenye alikuwa anapelekea watoto wake.

Nikimuambia Papa Désiré ukweli, habari itafika kwa shefu, naye atadai kaye, ataiita yake tena. Nataka aanguke, nataka sana. Leo ni dimanche, siku ya kanisa, kesho asubui wanatoka. Wenzangu, munishauri, nifanye nini? Lakini musiniambie nimusamehe, hiyo siwezi.