Godoro la Kilo Mia na Thelathini

Haya nitakayoyaeleza hamtayaamini, na wala siwalaumu. Mimi mwenyewe niliyaamini kwa sababu tu yalimpata mpwa wangu, na mpwa wangu hana akili ya kutunga; akili hiyo katika ukoo wetu niliichukua yote mimi. Ni habari ya mwanamke aliyemwonea mdogo wake wivu kwa ajili ya uzito. Si uzito wa mwili, tulieni. Uzito wa mizigo.

Mpwa wangu huyu ni karani wa kutoa mizigo katika kiwanda cha magodoro. Kibanda chake kiko langoni: meza moja, kiti kimoja chenye mto wa sponji alioukata kwenye mabaki, na muhuri. Lori halitoki bila hati, hati haitoki bila muhuri, na muhuri hauguswi na mkono mwingine. Mwaka wa tisa huu. Wapakiaji wamembandika jina la Bi Muhuri, naye hujifanya halipendi. Ule muhuri anaupenda kuliko alivyompenda mume wake wa kwanza, na huyo alikuwa na pikipiki.

Mdogo wake, ambaye nyumbani tunamwita Kitindamimba ingawa naye ana watoto watatu, anafanya kazi hiyohiyo ng'ambo ya barabara, kwenye karakana ya misumari. Vyumba viwili, mashine za kelele ya kung'oa meno, na pikapu moja ya kukodi. Miaka yote Bi Muhuri alimtazama mdogo wake kwa huruma, ile huruma tamu ya mwenye malori.

Sasa serikali ikaanzisha utafiti wa namna wafanyabiashara wanavyosafirisha mizigo. Barua ikaenda wapi? Kwenye misumari. Bahasha ya kahawia, nembo juu, na ndani dodoso la kurasa sita: chukua wiki moja, katika hati zako chagua kila ya tano, andika ni bidhaa gani na idadi yake, kilo ngapi, inakwenda wapi na kwa chombo gani. Jumapili Kitindamimba akaenda nayo kwa mama yao, pamoja na nakala ya majibu yake. Mama akaisoma barua mara mbili, kisha akaiegemeza kwenye kabati la vyombo, mbele ya picha ya harusi ya Bi Muhuri.

"Serikali imemtafuta mwanangu," mama akasema.

"Imeitafuta karakana, mama."

"Na karakana anaiandikia nani? Nyundo?"

Kitindamimba akacheka kidogo, kwa adabu. Laiti angecheka kwa kiburi. Ile adabu ndiyo iliyomwingia dada yake kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautapikiki.

Jumatatu, saa ya chakula, Bi Muhuri alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya takwimu kulalamika kwamba hajaulizwa. Afisa takwimu, kijana mpole mwenye miwani, akamweleza kuwa biashara huchaguliwa kwa kura.

"Basi ipigeni tena," akasema Bi Muhuri. "Mara ya kwanza mkono uliteleza."

Miezi mitatu baadaye kura ikawaangukia magodoro. Mngemwona. Alitembea na ile bahasha kifuani siku mbili nzima, anwani ikitazama nje. Lakini alipokaa kujaza, wivu ukamrudia palepale. Nakala ya mdogo wake alikwishaisoma kwa mama, mstari kwa mstari: pikapu, misumari, tani moja kamili, kila safari. Na magodoro je? Magodoro, ndugu zangu, ni upepo ulioshonewa kitambaa. Mpakiaji anabeba mawili kichwani huku anapiga mluzi. Lori zima limejaa hadi linafungwa kamba, mzigo wake haufiki tani. Yaani katika karatasi ya serikali, kile kipikapu kingelizidi lori lake. Aliposhika kalamu, kalamu ikagoma.

Ndipo jicho lake likatua kwenye msumari wa ukutani, zilikotundikwa tiketi za mizani. Kila lori lazima lipite kwenye mizani ya malori kule barabara kuu, na dereva hurudisha tiketi. Kila moja ilisema kilo elfu kumi na ushee. Zilikuwa kilo za lori, za dereva, za dizeli, za tairi la akiba, na za magodoro themanini juu yake. Akili yake ilimwambia toa uzito wa gari. Wivu ukamwambia, wewe nani ubishane na mizani? Akausikiliza wivu. Akaandika kilo elfu kumi na mia nne, tena kilo elfu kumi na mia nne, mistari minane, akapiga muhuri mpaka meza ikalia.

Wiki mbili hazikupita, yule afisa akaja langoni na lile dodoso. Meneja alikuwepo. Wapakiaji nao walikuwepo. Wenyewe hawakosi palipo na aibu ya mtu.

"Mama, nina swali dogo tu," afisa akasema. "Kilo elfu kumi na mia nne kwa magodoro themanini. Nimegawanya. Kila godoro lina kilo mia na thelathini."

Mpakiaji mmoja akasema taratibu, "Ndiyo maana mgongo unaniuma."

Wakacheka wote, isipokuwa meneja. Meneja akangoja afisa aondoke, akasema, "Kesho saa nne anarudi. Asipokuta uzito wa kweli, muhuri utamkabidhi mtu wa stoo."

Mtu wa stoo alikuwa amesimama hapo hapo. Akajifuta viganja kwenye suruali, tayari tayari.

Tatizo ni kwamba kiwanda cha magodoro hakina mizani. Godoro huuzwa kwa inchi, nani atalipima kilo? Malori nayo yalikuwa safarini, hayangepimwa matupu. Mizani ya karibu ilikuwa moja, ng'ambo ya barabara, na ninyi mnajua ya nani.

Bi Muhuri alikaa kitini mpaka saa kumi. Halafu akajitwisha godoro mwenyewe, akavuka. Magari yalimpigia honi. Kitindamimba alimwona tangu yuko katikati ya lami, akatoka nje na kukunja mikono.

"Dada, umehama nyumbani kwa shemeji?"

"Nataka mizani."

"Sema tena, mashine zina kelele."

"Nataka mizani yako, mdogo wangu. Nimeandika uongo, na kesho wananinyang'anya muhuri."

Kitindamimba alikuwa na utani mwingine mdomoni, niliambiwa, tena mkali. Akautazama uso wa dada yake, akaurudisha ndani. Akasukuma gunia la misumari kando kwa mguu, wakaliweka godoro. Kilo kumi na mbili. Wakalipima tena, wakazidisha kwa themanini, kisha Bi Muhuri akakaa juu ya gunia akaandika upya: kilo mia tisa na sitini, kilo mia tisa na sitini. Kila alipoandika mia tisa, macho yalimponyoka kuelekea ile pikapu, yakaikata vipande.

Mdogo wake alikuwa anasoma begani. "Miji hii yote," akasema. "Huu si ule wa mpakani? Na huu ni safari ya siku tatu. Mimi mwenzako kwenye 'unakokwenda' niliandika mtaa wa pili, mtaa wa pili, mtaa wa pili. Nikajikunja kwa wivu, dada. Misumari yangu haijawahi kuliona daraja."

Bi Muhuri hakuinua kichwa. Ila mwandiko wake kwenye ile miji, nimeuona kwa macho yangu, ghafla ukawa mkubwa na wa madaha.

Saa nne asubuhi afisa akaja, akasoma, akatikisa kichwa kukubali, na mtu wa stoo akarudi stoo. Muhuri ukabaki kwa mwenyewe. Na hapo afisa akavua miwani, akatangaza kuwa nchi nzima hajaona dodoso safi kama lile, na malori arobaini yaliyopangana langoni yakapiga honi kwa pamoja, meneja akatoka mbio amebeba shada la—

"Mjomba, arobaini?" Bi Muhuri mwenyewe yuko nyuma ya kiti changu, anasoma. "Yalikuwa mawili. Na honi ilikuwa ya pikapu ya mdogo wangu, inaomba njia. Futa hapo, uandike mawili."