Bima ya Wodi ya Wanaume

Rafiki yangu, fundi mitambo wa meli za ziwani, alifariki wiki iliyopita, na msibani kwake Buswelu tulicheka kuliko tulivyolia. Kila aliyesimama kumzungumzia alishindwa kumaliza kwa kicheko. Mimi nilisimulia habari ya wodi.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilivunjika mguu, nikalazwa hospitali moja hapa Mwanza, na kitanda cha jirani alikuwa yeye, mkono umeungua kwa mvuke wa injini. Alikuwa amesomea ufundi Ujerumani, akapita na Uingereza, basi jioni alituhadithia jinsi wenzetu wa huko wanavyolipia matibabu. Ujerumani mfanyakazi hukatwa mshaharani, na mwajiri huongezea. Uingereza hutoka kwenye kodi. Marekani, alivyosimuliwa na mwenzake wa bwenini, wengi hukatiwa bima kazini, na asiye nayo hujijua mwenyewe. Mzee mmoja, mkulima wa pamba kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, akauliza, "Na asiyeugua, hela yake anakula nani?"

Fundi akamjibu, "Anayeugua, mzee. Hata hapa, kodi ya pamba yako ndiyo inayonitibu mimi."

"Basi pona haraka!" Wodi nzima ikaangua kicheko.

Matibabu yalikuwa bure, lakini chakula cha hospitali kilikuwa kidogo, na wengi tulitegemea vikapu vya nyumbani. Mvuvi mmoja wa Ukerewe, kitanda cha mwisho, hakuwa na ndugu mjini. Fundi akapendekeza tuweke vyakula vyote pamoja, tugawane. Tulikubali, isipokuwa mzee. "Mke wangu avuke maji kumlisha nisiyemjua?"

Wiki ileile kivuko kikaharibika, mkewe asije. Mzee akajifunika shuka, akageukia ukuta. Fundi akampelekea sahani ya ndizi na samaki.

"Shikamoo, mzee. Kula."

"Marahaba. Mimi sikuchangia."

"Huko Ujerumani wangekuuliza cheti cha bima. Mimi nauliza kama nikuongezee mchuzi."

Kisha shuka ikaanza kutikisika. Mzee alikuwa anacheka. Akala, akaongezewa. Kivuko kilipotengenezwa, mkewe akaingia na kapu la viazi vitamu na kuku mzima wa kuchemsha. Mzee akamwonyesha kwa kidole: "Anzia kule mwisho, kwa mwanangu mvuvi."

Siku hizi tunabishana kuhusu bima: nani akatwe, akatwe kiasi gani, tuige nchi ipi. Ni ubishi mzuri, na fundi angeuchangamsha. Kila nchi ina njia yake ya kukusanya. Lakini utaratibu wowote tutakaouchagua utasimama siku ile mwenye afya atakapochangia kwa moyo mweupe, bila kuuliza mgonjwa ni mtoto wa nani.