Makopo Mawili Mezani

Bunduki yangu ilikuwa na mitutu miwili iliyopandana, mmoja wa risasi, mwingine wa marisawa, zile chembe za kupigia ndege. Ya bei poa, mbao zake hovyo, kifyatulio kigumu mpaka kidole kinauma. Leseni ilinitoa jamba, foleni kwa foleni, kila nikifika naambiwa rudi wiki ijayo. Nikasema kama ni kuteseka, niteseke mara moja, kwa bunduki inayopiga swala na kanga pia.

Risasi nilijaza mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, ghorofani kwetu katikati ya Joburg. Kazi yenyewe haina maajabu. Unachukua ganda lililokwisha pigwa, unalinyoosha kwa mashine ya mkono, unatia fataki mpya, unapima baruti kwa mzani mdogo, unabana kichwa cha risasi juu yake, basi. Ila bunduki ya namna ile inataka baruti za aina mbili. Ya risasi ni vijiti vidogo, inaungua taratibu. Ya marisawa ni vipande bapa, inaungua kwa pupa. Hiyo ya pupa ukiitia kwenye ganda la risasi, bunduki inakupasukia usoni. Kwa hiyo nilijiwekea sheria: kopo moja tu la baruti mezani, la pili linabaki kwenye sefu. Na mke wangu alijua hanisemeshi nikiwa pale, hata nyumba iwake moto.

Mwaka 2017 nilikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ofisi moja Braamfontein. Mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa anaozesha binti yake, na mimi kwa kiherehere changu nikamwahidi swala wa harusi. Mwenye shamba moja la wanyamapori kule Limpopo alitupa siku moja tu ya kuwinda, Ijumaa. Mwenzangu akaomba apige yeye, mimi nisimame kando yake. "Yaya," akaniambia, maana aliniita kaka mkubwa, "nyama ya mtoto wangu nitaipiga mie mwenyewe." Nikamkubalia.

Alhamisi asubuhi nilirudi nyumbani kutoka kazini miguu imevimba. Badala ya kulala nikakaa mezani nijaze risasi kumi na mbili. Nakumbuka nilivyoanza. Nilichokumbuka baada ya hapo ni paji la uso wangu juu ya meza na mate yamenitoka. Risasi kumi na mbili zimesimama mbele yangu, zimekwisha. Kando yake makopo mawili, yote wazi.

Yarabi! Nilikaa nikayakodolea macho. La pili nimelitoa saa ngapi? Nimechota humo? Ganda likishabanwa huoni ndani yake kuna nini. Shetani naye hakosi kazi, akaniambia we, hizo ziko sawa, kwani umeanza kujaza jana? Nusura nimsikilize. Halafu nikamfikiria yule baba wa bibi harusi, shavu lake limelala kwenye bunduki yangu, mimi nimesimama kando namwambia piga.

Nikaanza kuzifungua. Unaitia risasi ndani ya nyundo ya plastiki yenye uwazi kichwani, unagonga sakafuni mpaka kichwa kichomoke na baruti imwagike. Moja inataka mapigo saba, manane. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio, nikamjibu kwa nyundo. Ya kwanza, vijiti. Ya tano, vijiti. Ya kumi na mbili, vijiti. Hakuna hata kipande bapa kimoja.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Vipi?"

"Zote nzima."

"Alhamdulillah!"

Nikamfokea, maskini wa Mungu, hakuwa na kosa. Nilikuwa nimeomba nikute moja mbaya. Ningeikuta, ningejua nilikosea wapi. Sasa nimefanya kazi yote sawasawa na mwenyewe sikuwepo, sikumbuki hata moja.

Nikampigia mwenzangu nikamweleza kila kitu, makopo, usingizi, nyundo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kama zote zilikuwa muzuri," akasema, "si uzijaze tena, yaya, twende?"

Makopo yalikuwa pale pale. Maganda kumi na mawili yalikuwa pale pale, na siku nzima ilikuwa mbele yangu.

"Siwezi," nikamwambia. "Nunua kuku."

Nilisikia anamwambia mtu kwa upande, kwa sauti ya chini, kwamba nyama ya swala haipo tena. Kisha akarudi kwenye simu.

"Yaya," akasema, "utaachaga lini hii kazi ya usiku?"

Nikamwambia leo saa kumi na mbili jioni naingia.