Kistari Kilichosogea Peke Yake

Majirani walimwita Mama Skrini, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora zile kurasa za kompyuta ambazo mtu hukutana nazo kabla ya kufunguliwa. Alizichorea diski, vile visanduku vinavyoficha picha na sauti kwa fumbo, na havifunguki mpaka uandike sentensi yako ya siri. Ukurasa ni bawabu, alisema, na bawabu hana haja ya kununa.

Hilo alifundishwa na mama yake mzazi. Kila ukurasa mpya aliujaribia kwake, mezani pale jikoni. Bibi wa watu alichapa kwa kidole kimoja, akitua baada ya kila neno kama mtu apandaye ngazi. Alipotokewa na maandishi mekundu, UMEKOSEA, alisogeza kiti nyuma.

"Huyu ananifokea kama nimemwibia kuku. Mwambie aseme taratibu."

Basi Mama Skrini akaufuta wekundu, akaandika: *Bado. Pumua, ujaribu tena.* Bibi akacheka, akasema hapo umeongea kama binadamu. Akapenda ukurasa ule hata akarekodi dua ya kumwombea mjukuu wake siku za harusi, akaifungia ndani ya diski ya majaribio. Mauti nayo hayapigi hodi. Akaenda zake.

Sasa mjukuu anaolewa kesho. Ilikuwa mchana, jua limejaa jikoni, Mama Skrini yuko mbele ya kompyuta akijaribu kuifungua diski ile, na binti yake, ndiye huyo mjukuu, amesimama nyuma akikunja kitambaa.

"Mama, umejifungia nje ya nyumba uliyoijenga mwenyewe."

"Nicheke tu, mwanangu. Sentensi naijua, bibi yako aliniambia kwa kinywa chake. Ni ile aliyoisema kila akifungua mlango asubuhi: Mungu tangulia, mimi nafuata."

Lakini kila alipoiandika, ukurasa ulimjibu kwa upole ule ule: *Bado. Pumua, ujaribu tena.* Na sheria aliitunga yeye, ili wezi wasibahatishe: ukikosea mno, diski hujifuta yenyewe. Limebaki jaribio moja, kisha sauti ya marehemu isisikike tena duniani. Akaondoa mikono kwenye kibodi kama aliyegusa sufuria ya moto, akaikunja mapajani.

Ndipo ikatokea nukta.

Kila herufi ya siri hujificha nyuma ya nukta. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Pazia halikutikisika.

"Mama, umegusa?"

"Mikono yangu hii hapa."

Nukta ziliendelea kwa mwendo wa kidole kimoja, zikitua baada ya kila neno. Binti akamshika mama yake bega, na vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Neno la mwisho likaisha. Kisha kile kistari kinachopepesa pale pa kuandikia kikasogea hatua moja mbele, bila kuacha nukta.

Mama Skrini akahisi nywele zikimsimama. Mama yake alikuwa na tabia hiyo: akimaliza kuandika, lazima abonyeze kitufe kirefu cha nafasi. Alimkanya mara ngapi kwamba hakina kazi pale? Naye akimjibu, "Hata mtu akimaliza kusema huvuta pumzi." Nafasi haina nukta. Aliichora hivyo mwenyewe, na kwa hiyo hakuiona mama yake alipoiweka mwishoni mwa sentensi ya siri.

"Futa, Mama," binti alinong'ona. "Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Lakini huyu hajawahi kututakia mabaya." Akasema kimoyomoyo, Mungu tangulia, akabonyeza kitufe cha kufungua.

Diski ikafunguka. Kwanza ukasikika mkwaruzo wa kiti kikisogezwa karibu na meza, halafu sauti ya bibi, nzima, kama yuko hapo hapo.

"Mjukuu wangu, kaa kitako nikuombee. Hicho kitambaa kiweke chini kwanza."

Binti akatazama mikono yake. Akakiweka mezani, taratibu, akakaa.