Yowe la Mchezo

Mkufunzi wetu alilipenda mno neno presha. Kiongozi, alisema, hapimwi akiwa kwenye kiti na kikombe cha chai mkononi. Anapimwa akiwa kwenye presha. Alikuwa kijana kama sisi, ametoka ng'ambo, na mafunzo yenyewe yalikuwa ya vijana wa nchi mbalimbali, tuliokusanywa kwenye kituo cha kanisa huku kwetu Nyabiyonza ili tufundwe uongozi. Bidii yake niliipenda. Neno lake lilinikera. Nusu ya sisi wenyeji tulikuwa tumekua kwenye presha, na hakuna aliyetupa cheti.

Siku ya zamu yangu ya kuongoza kundi alituletea mchezo. Simu zote zikakusanywa kwenye beseni. Mmoja wetu angekuwa mwizi: angebeba begi la mafunzo, lenye mpira na kalamu nene za kuandikia ubaoni, akatize nalo mashamba ya migomba mpaka uwanja wa shule. Wengine tulitakiwa kumzuia kwa kuitana na kupangana tu. Tukapiga kura, na wizi ukamwangukia kijana mmoja wa Kyerwa, mpole, mwepesi wa miguu. Wazazi wake walitoka Burundi zamani wakaishi kwa vibarua vya kulima, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina lafudhi ya Kirundi. Alicheka, akakaza kamba za viatu, akapotelea migombani.

Aliyeharibu mambo ni binti mmoja wa Kizungu, na wala hakuwa na ubaya. Alikuwa amepangiwa kulala kwa mama jirani yetu, na mama yule, kwa jinsi alivyompenda, alimfundisha namna mtu wa huku anavyoomba msaada: kiganja mdomoni, sauti juu kabisa. Kwa Kinyambo ni enduru, kwa Kiswahili yowe. Hakumfundisha sehemu ya pili, kwamba yowe likishapigwa hakuna kusema nakuja. Anayelisikia huacha jembe, huacha chakula, hushika alichonacho na kukimbilia linakotoka, na asiyeonekana huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Basi mwizi wetu alipochomoza kwenye migomba, binti akaweka kiganja mdomoni akapiga. Alipiga vizuri kuliko mimi.

Yowe jingine lilijibu kutoka ng'ambo ya bonde, kisha jingine huko kilimani, na hayo hayakuwa ya mchezo. Nilivua kandambili nikakimbia.

Nilipofika kwenye mtaro wa barabarani walikuwa wameshamzunguka. Wengine niliwajua, wengi walitoka upande wa pili wa kilima na hawakujua habari za mafunzo yetu. Mapanga, majembe, fimbo, na mmoja ameshika mchi. Kijana alikuwa chini, amelikumbatia begi kwa mikono miwili, sikio linatoka damu.

"Mtoto wa nani wewe?" mzee mmoja alimuuliza.

"Kwetu ni Kyerwa," alijibu, na lafudhi yake ikatoka yote.

"Huyu si wa hapa!" sauti ikasema nyuma.

Mkufunzi akaja anahema, uso mwekundu, akipiga kelele neno la Kiswahili alilolijua vizuri: "Mchezo! Mchezo!"

Nilidhani sasa tumepona. Kumbe ndiyo kwanza moto umewashwa.

"Mchezo?" alisema yule mzee. "Nimemwacha mke wangu na homa ndani, nimekuja mbio na uzee huu, kumbe mnacheza na yowe?"

Watu wakaguna, wakasogea. Nikaona wazi tulipofikia. Kama yowe lilikuwa la kweli, mwizi ndiye huyo. Kama lilikuwa la uongo, tumewadhihaki, na wa karibu wa kulipia dhihaka alikuwa huyo huyo aliyelala chini. Ukweli ulikuwa hauna kazi pale.

Mimi nina hasira za karibu. Hata kwenye mafunzo niliambiwa nipunguze sauti. Wakati ule nilitaka kuwatukana wote, nikianza na mkufunzi na beseni lake la simu. Niliogopa pia, tena sana. Nikapenya, nikapiga magoti kwenye tope kati ya kijana na wale wenye mapanga, mikono mbele, kama sisi mabinti tunavyowasalimia wakubwa.

"Waitu, wakubwa zangu, shikamooni. Yowe nimelipiga mimi. Nimekosa. Nihukumuni."

Hilo nililijua tangu utotoni: anayepiga yowe bure hapigwi, anahukumiwa na kutozwa faini, nayo ni pombe ya ndizi, rubisi, kwa wote waliokimbia. Na watu wa kwetu hawahukumu wamesimama. Nilichotaka ni wakae chini tu. Mtu aliyekaa ni kazi kwake kunyanyua panga.

Hakuna aliyekaa.

Ndipo nikamwona baba yangu. Alikuwa mstari wa mbele, shati la shambani, panga mkononi. Yeye anaijua sauti yangu hata nikikohoa nje ya nyumba. Alijua yowe lile si langu, na alijua nadanganya mbele ya watu anaosali nao. Neno moja tu, "si yeye," na yule kijana angekuwa amekwisha. Tulitazamana. Sikuweza hata kumkonyeza.

"Binti yangu amekosa," alisema. "Rubisi nitaileta mimi. Tukaeni."

Akaketi kwenye nyasi. Mzee mwenye mke mgonjwa akalalamika magoti yanamuuma, akaketi naye. Kisha mwingine. Walipoanza kubishana juu ya idadi ya madumu, nilijua kijana ataishi.

Mkufunzi aliinama akaninong'oneza kuwa nimeonyesha uongozi wa hali ya juu. Nilimwambia anyamaze, amwinue mwenzetu. Alijaribu kumpokea begi, lakini kijana hakuliachia, na ilibidi wampeleke zahanati nalo hivyo hivyo.

Tulirudi nyumbani baba na mimi. Sikugombezwa. Alitembea mbele, ananionyesha mahali penye utelezi, kama siku yoyote. Nikamwita baba kwa Kinyambo.

"Tata, je, kama ningechelewa kidogo?"

Hakusimama. "Nilikuwa nimeshainua mkono," alisema. "Uso wake sikuuona. Niliona begi."

Nikangoja aongeze kitu, aseme angejizuia, aseme Mungu asingekubali. Hakuongeza. Nilimchukia kwa hatua kadhaa, baba yangu aliyetoka kuniokoa, na nilimpenda hatua hizo hizo, na sikujua niyaweke wapi mapenzi hayo. Kisha nikaharakisha nikamfikia, nikanyoosha mikono miwili nikampokea panga, kama ninavyompokea mzigo wowote, nikalibeba mimi mpaka nyumbani.